Kisu kwa Mikono Miwili

Mtu akimnyang'anya adui kisu, tunamwita shujaa. Akimrudishia kile kisu papo hapo, mpini mbele, kwa mikono miwili na kichwa kimeinama, tumwiteje? Mama Pasi alilitafuta jina hilo wiki nzima. Kila alilolijaribu lilimtia baridi, maana mtu mwenyewe alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

Tuanze na asubuhi ile yenyewe, tusije tukaonekana tunamsingizia kijana wa watu.

Mama Pasi alikuwa dobi. Hakuwa na mtoto aliyeitwa Pasi, wala mtoto yeyote. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu ya pasi yake ya mvuke, iliyokuwa ikikoroma dukani toka asubuhi hadi jioni. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele palikuwa na kaunta, nyuma yake meza ya kupigia pasi, kisha mashine mbili za kufulia, moja nzima na moja ya kubembelezwa, na mwisho kabisa beseni kubwa la saruji la kulowekea mablanketi. Juu zilining'inia nguo za watu kwenye henga, mashati kwa masuruali, kiasi kwamba mgeni akiingia hudhani kuna kikao.

Alikuwa ameachana na mumewe, dereva wa lori mwenye mikono myepesi ya kupiga na mizito ya kusaidia. Talaka ilitoka, lakini mwanamume hakutoka. Alituma maneno kwa huyu na yule kwamba kama Mama Pasi si wake, basi hatakuwa wa mtu. Maneno ya namna hiyo ukiyapuuza utayakuta mlangoni, na ndiyo maana mdogo wake akahamia kwake kumlinda.

Mdogo wake huyo mtaani walimwita Mkanda. Alikuwa fundi wa friji, kijana mrefu, mpole, asiyependa kugombana hata na konda. Jina alilipata kwa sababu ya mkanda wa kahawia, aliopewa baada ya miaka mingi ya mazoezi kwenye ukumbi ulioko juu ya duka la rangi. Wenyewe walikuwa na jina refu la mchezo wao. Watu wa nje waliita karate, yakaisha. Jioni Mkanda alisimama kwenye korido ya nyumba ya dada yake akipiga hewa mateke na ngumi. Kama hewa ingekuwa na ndugu, wangeshamshtaki. Mama Pasi alimtania, lakini alilala vizuri zaidi tangu alipokuja.

Siku ya tukio Mkanda alikuwa dukani, amechuchumaa nyuma ya ile mashine ya kubembelezwa. Mtalaka aliingia kama mteja, ameshika mfuko wa karatasi. Mama Pasi alipoona mfuko hauna nguo alirudi nyuma, na kisu kikatoka. Kilikuwa kisu cha jikoni cha kukatia nyama, na alikitambua. Kilikuwa chake, alikiacha kule pamoja na masufuria siku alipoondoka. Mwanamume alizungumza kwa sauti ya chini, kama anaulizia shati lake.

"Vaa viatu. Twende nyumbani."

Basi Mkanda akainuka, akapita ubavuni mwa kaunta. Hakupiga kelele wala hakurusha teke. Alimshika yule mtu kifundo cha mkono, akageuka nusu, na kisu kikawa chake. Kilikuwa kitendo kizuri kuliko vyote alivyowahi kuviona Mama Pasi mle dukani, na moyoni alishaanza kumwomba mdogo wake radhi kwa mizaha yote ya korido. Kisha Mkanda akarudi hatua moja nyuma, akakilaza kisu juu ya viganja viwili, mpini ukimwelekea mtalaka, akainamisha kichwa, akakirudisha.

Mtalaka alipigwa na butwaa. Alikitazama kisu, akamtazama shemeji yake, na kwa kitambo kidogo alionekana kama atashukuru. Halafu akanyoosha mkono juu ya kaunta, akamchana Mama Pasi mkono wa kushoto, kutoka karibu na kiwiko hadi karibu na kifundo.

Kilichomwokoa si karate. Blanketi la mteja lilikuwa kwenye ukingo wa beseni, halijakamuliwa, limejaa maji kama tembo. Alilinyakua kwa mikono yote, ule mzima na ule uliokuwa ukivuja damu, akamtupia usoni. Mtu aliyefunikwa blanketi bichi haoni, hapumui sawasawa, wala hana cha kujivunia. Aliyumba, akajikwaa kwenye kapu, akaanguka. Fundi viatu wa mlango wa pili, mzee mnene kwa kweli, alikuja na nyundo yake lakini hakuitumia. Alimkalia tu mgongoni mpaka polisi walipofika.

Na Mkanda? Mkanda alikuwa bado amesimama palepale, mikono kando ya mapaja, kama mtu anayengoja kuambiwa aanze tena.

Kwenye zahanati, muuguzi akimshona, Mama Pasi alimuuliza mdogo wake kwa nini amefanya vile. Alimuuliza polepole, kwa sababu aliogopa jibu.

"Dada, sijui," Mkanda akasema. "Mikono ilifanya yenyewe."

Jibu gani hilo? Mikono ya mtu haiendi safari bila mwenyewe. Mama Pasi aliuma meno sindano ilipopita, na shaka ikaingia hapo hapo, pamoja na uzi.

Polisi walimwambia kwamba mtalaka atakaa mahabusu hadi Jumatatu, kisha atapelekwa mahakamani, na kwa kuwa ana kazi na makazi yanayojulikana, huenda akapewa dhamana. Hapo ndipo mambo yalipobana. Mkanda alikuwa na funguo za duka na za nyumba. Alilala sebuleni, hatua chache kutoka kitandani pake. Kama alikuwa upande wake, alikuwa ndiye mtu pekee aliyejitolea kusimama kati yake na kile kisu. Kama alikuwa amekula njama na shemeji yake, basi Mama Pasi alikuwa amempa fisi kazi ya kuchunga mbuzi. Ilimpasa ajue kabla ya Jumatatu, na hakujua aanzie wapi.

Mama mdogo wao alimsaidia kuanzia pabaya. Alikuja kumjulia hali, akaketi kitandani, akaugusagusa ule mkono uliofungwa bendeji, akasubiri Mkanda atoke kwenda kuchota maji.

"Mwanangu," akasema, "kikulacho ki nguoni mwako. Nani alimwambia yule mtu kuwa asubuhi hiyo uko dukani peke yako?"

Mama Pasi alimkumbusha kwamba hakuwa peke yake, Mkanda alikuwepo. Mama mdogo alinyanyua nyusi, akasema ndiyo hasa, alikuwepo. Kisha akaaga, maana mwanamke huyo ana kipaji cha kuwasha moto na kuondoka kabla ya moshi.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Mkanda na mtalaka walikuwa marafiki, tena wa kushibana. Dereva ndiye aliyemtafutia nafasi ya kujifunza ufundi wa friji. Jumapili baada ya Jumapili walicheza drafti uani, wakibishana na kucheka, huku Mama Pasi akiwa ndani anajipaka dawa kwenye uvimbe. Hata baada ya talaka, Mkanda aliendelea kumwita Shemeji. Mashine ya kufulia ilikuwa mbovu tangu zamani; kwa nini aamue kuitengeneza asubuhi ile ile? Na simu yake, mbona anapoiweka mezani anailaza kifudifudi? Labda aliilaza hivyo siku zote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mama Pasi alikuwa akiona ung'ongo kila kona.

Akachukua hatua. Alimwomba Mkanda funguo, kwa kisingizio kwamba za kwake zimepotea, na hakumrudishia. Alivikusanya visu vyote vya nyumba, akavifunga kwenye foronya, akavizika kwenye kapu la nguo chafu chini ya mashuka ya wateja, mahali ambapo mwanamume hatii mkono hata kwa kulipwa. Wakawa wanakula mkate wa kukatwa kwa vidole na nyanya za kung'atwa. Mkanda aliuliza mara moja kisu kiko wapi. Mama Pasi akasema hakioni. Kijana aliitazama bendeji ya dada yake, akang'ata nyanya yake, asiulize tena. Alionekana kuona aibu, na aibu nayo ina sura moja na hatia.

Alhamisi fundi viatu alikuja kaunta akiwa na jambo mdomoni, akalizungusha sana kabla ya kulitema. Alikuwa amemwona Mkanda akitoka kituo cha polisi. Aliwauliza askari, wakamwambia kijana alikuja kumwona mahabusu.

Mama Pasi alizima pasi. Baada ya kitambo aliizima tena, ingawa ilikuwa imeshazimwa. Jioni alimsubiri mdogo wake mlangoni, hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Ulikwenda kumwona."

Mkanda hakukana. Alisema alikwenda kumuuliza kitu. Kitu gani? Alikwenda kumuuliza kama ni kweli alimrudishia kisu, kwa sababu yeye mwenyewe hakumbuki. Alikumbuka kukichukua. Alikumbuka damu. Katikati hapakuwa na kitu. Watu wote walikuwa wakimwambia amefanya jambo fulani, naye alilitafuta kichwani halimo, kwa hiyo alimwendea mtu aliyekuwa karibu zaidi.

"Akakujibu nini?"

"Alicheka," Mkanda akasema. "Akasema, asante sana, shemeji."

Mama Pasi aliingia chumbani, akafunga mlango, akauegemezea kiti. Ama mdogo wake alikuwa mwongo hodari kuliko wote aliowahi kuwajua, ama alikuwa mjinga wa aina ambayo haijapata jina. Alimpenda, alimlea tangu mama yao alipofariki, akimfunga kamba za viatu. Na bado alikiegemeza kiti.

Jumamosi akaamua kwenda kuona kwa macho yake. Nguo nyeupe za ule ukumbi alikuwa akizifua yeye kwa miaka, lakini siku zote mtu alikuja kuzichukua, hakuwahi kukanyaga kule. Mkanda alikuwa ameitwa kutengeneza friji ya mteja na angechelewa huko. Mama Pasi hakumwambia mtu safari yake. Alizikunja zile nguo, akazitia kwenye mfuko, akazibeba kwa mkono mzima, akapanda ngazi za duka la rangi.

Ukumbi ulikuwa mpana, sakafu imetandikwa mikeka minene, na harufu ya rangi ilipenya kutoka chini ikachanganyika na ya jasho. Mwalimu alikuwa mtu mfupi mwenye kitambi na sauti ya kubembeleza. Alimkaribisha kwa heshima, akamwonyesha benchi, akaendelea na kazi yake. Mama Pasi aliketi, na macho yake yakaanza kazi yake pia.

Hakupenda alichokiona. Mwalimu alimgusa karani mmoja mnene kwa vidole viwili, karani akaruka, akajiviringa, akapiga mkeka kwa kiganja pwaa, akainuka anatabasamu. Akaja mwingine, akaanguka kabla hajaguswa sawasawa. Mama Pasi alikuwa amepigwa na dereva wa lori kwa miaka, na alijua mtu huangukaje. Aliyepigwa kweli hushika meza, hushika pazia, huanguka na vyombo. Hakuna anayeanguka vizuri namna ile, na hakuna anayeinuka akitabasamu. Hawa walikuwa wakimwangukia mwalimu wao kwa adabu, kama watu wanavyocheka mzaha wa bosi.

Kisha wakatoa visu vya mbao.

Wakajipanga wawili wawili. Mmoja akachoma, mwenzake akamshika kifundo, akageuka nusu, kisu kikawa chake. Mama Pasi alijikuta amesimama. Yule aliyechukua kisu akarudi hatua moja nyuma, akakilaza kwenye viganja viwili, mpini mbele, akainamisha kichwa, akakirudisha. Mwenzake akakipokea, akachoma tena. Kushika, kugeuka, hatua nyuma, viganja, kichwa chini. Ukumbi mzima ulikuwa ukifanya hivyo, bila haraka, bila kufikiri, kama wanawake wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

Alimwita Mwalimu pembeni akamuuliza kwa nini wanarudisha. Mwalimu alishangaa swali lenyewe.

"Asiporudishiwa, mama, mwenzake atafanyia zoezi nini?" akasema. "Tena ni adabu. Silaha humtupii mtu."

Hapo Mama Pasi akamweleza kilichotokea dukani, kwa maana Mkanda alikuwa hajasema neno ukumbini. Alidai tu kwamba dada yake anaumwa. Mwalimu alisikiliza akiitazama bendeji. Hadithi ilipofika mwisho, mzee wa watu aliketi kwenye benchi bila kuangalia kama benchi lipo.

"Kwa mikono miwili?" akauliza.

"Kwa mikono miwili."

"Na akainama?"

"Akainama."

Mwalimu aliufunika uso wake kwa viganja. Mama Pasi alimchunguza vizuri, na mpaka leo hajui kama yule mtu alikuwa anaona haya au alikuwa anajivuna.

Mtu mwingine angeshuka zile ngazi akiwa ameridhika. Mama Pasi alishuka akiwa na shaka mpya. Je, kama walipangwa? Hakumwambia mtu kwamba anakuja, lakini fundi viatu alimwona na mfuko, na fundi viatu hawezi kukaa na habari kama asivyoweza kukaa na njaa. Na hata kama hawakupangwa, hata kama huo ndio mchezo wao toka enzi, si ndiyo ingekuwa hila nzuri kabisa? Mtu anayetaka kumpa adui kisu, akijua ana ukumbi mzima wa mashahidi watakaosema ni mazoea, angetafuta kificho gani kingine? Alijichukia kwa kuwaza hivyo. Aliwaza hivyo njia nzima.

Alipofika nyumbani alijua kwamba maneno ya watu yamefika mwisho. Mdomo unaweza kudanganya, uso unaweza kudanganya. Ilibaki mikono, na mikono huwezi kuihoji, labda uishtue.

Jumapili mchana alimwomba fundi viatu aje akae kibarazani, na aje na nyundo. Mzee aliuliza kuna kiatu gani. Mama Pasi akasema kiatu kipo, akae tu. Kisha akaenda kwenye kapu, akachimba chini ya mashuka, akafungua ile foronya, akachagua kisu kimoja chenye makali ya kweli.

Mkanda alikuwa jikoni, ameosha vyombo, anajifuta mikono kwa taulo. Jiko lilikuwa dogo, la mtu mmoja na nusu. Mama Pasi alisimama mlangoni, kisu nyuma ya kanga, na moyo wake ulidunda mpaka mshono ukaanza kupwita. Aliogopa mambo mawili. Aliogopa kumuumiza mtoto aliyemlea. Na aliogopa kwamba Mkanda akikipata kile kisu, humu ndani, akiwa hana haja ya kuigiza mbele ya mtu, yeye ataona uso wa kweli wa mdogo wake.

Alikitoa kisu, akachoma kuelekea kifuani mwake.

Hakuhisi kikitoka mkononi. Alihisi kifundo chake kikishikwa, taulo likianguka, na vidole vyake vikifunguka vyenyewe. Alipofumbua macho, mdogo wake alikuwa amesimama hatua moja nyuma, mgongo ukigusa sinki, kisu kimelala juu ya viganja vyake, mpini ukimwelekea yeye. Alikuwa ameinamisha kichwa. Uso wake haukuwa na hila wala hofu, haukuwa na kitu chochote. Alikuwa hayupo.

Mama Pasi akakipokea. Ni hapo tu, mikono ilipobaki mitupu, Mkanda alipoinua kichwa akaona amempa nani na amempa nini. Akashuka taratibu akiteleza kwenye kabati la sinki mpaka sakafuni, akalia kama alivyolia siku mama yao alipozikwa, kwa sauti, bila kujificha.

"Dada, ningekuua," akasema. "Ningekuua kwa adabu."

Mama Pasi alikiweka kisu juu ya kabati, akaketi sakafuni kando yake. Kwanza alifurahi. Tusimlaumu, alifurahi mpaka akaona kizunguzungu, maana ndugu yake hakuwa msaliti, na ule mzigo wa wiki nzima ulimtoka mabegani. Akamshika kichwa, akamwambia nimeamini, basi, nimeamini. Na furaha ilikuwa haijapoa alipoona upande wake wa pili. Kesho mtalaka huenda angetoka. Kijana huyu asiye na hatia angesimama mbele yake, angemnyang'anya kisu kwa ustadi ambao hata polisi hawana, na angekirudisha. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, nao hawakuwahi kuuona ukumbi ule.

Kutoka kibarazani fundi viatu aliuliza, kwa sauti iliyojaa wasiwasi na nyundo, kama aingie.

"Bado," Mama Pasi akajibu.

Alisimama. Akachukua ndoo ya kupigia deki, akaijaza maji nusu, akaiweka kwenye pembe kando ya sinki. Akashika kisu tena.

"Inuka," akamwambia mdogo wake. "Tena. Safari hii usinipe. Kitupe kwenye ndoo."

Mkanda aliinuka. Dada yake akachoma, yeye akashika, akageuka, hatua nyuma, viganja, kichwa chini. Akarudisha. Mama Pasi akakipokea bila kumkaripia, akachoma tena. Akarudisha tena, na safari hii alijiona anarudisha, akatukana kwa neno ambalo dada yake hakujua kama analijua. Mara iliyofuata alikichukua akabaki amekishikilia hewani kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake. Walibadilisha kisu, wakachukua kijiko cha mbao, kwa sababu mkono wa Mama Pasi ulikuwa umechoka na maadui wote wawili walikuwa na machozi machoni. Fundi viatu aliingia bila kuitwa, akatazama, akaketi juu ya kreti ya soda. Baada ya muda aliomba na yeye achome, na akachoma kwa moyo wote.

Alasiri ilikuwa inakwisha Mama Pasi alipoomba kile kisu chenyewe kwa mara nyingine. Alichoma. Mkanda akashika, akageuka nusu, na mkono wake wa kulia ukaenda kando. Kisu kikaingia kwenye ndoo, maji yakaruka. Wote watatu wakaitazama ndoo. Kisha Mkanda, bila kujijua, akarudi hatua moja nyuma, akaiinamia ndoo kwa heshima zote.

Fundi viatu akaanza kucheka, akajizuia. Mkanda akaona alichofanya, uso ukamwiva.

"Inama ukipenda, mdogo wangu," Mama Pasi akamwambia. "Kisu kiende kwenye ndoo."

Akaingiza mkono kwenye pindo la kanga yake, akatoa funguo za duka na za nyumba, akampa.

Jumatatu mahakama ilitoa dhamana kabla ya saa sita, na wakamwekea mtalaka masharti ya kutokaribia duka. Masharti ni mazuri. Karatasi nayo ni nzuri. Mama Pasi alifungua duka kama kawaida, akawasha pasi, akaitundika nguo ya kwanza. Mkanda alirudi nyuma ya mashine yake. Chini ya kaunta, upande wa kulia, palikuwa na ndoo ya maji nusu. Na kwenye ukingo wa beseni, mahali anapoweza kupafikia bila kugeuka, alikuwa amelaza blanketi moja bichi, halijakamuliwa. Sasa alimwamini mdogo wake. Blanketi alilijua.